Uzi maalumu: Cheti cha kukagua uwekezaji na derivativu – kipi usome, hesabu zipi uzimudu, na wapi watu wanaangukia

#1 Mizania_Safi

Wakuu, habari za humu. Maswali kuhusu ukaguzi wa uwekezaji na derivativu (mikataba ambayo thamani yake hufuata kitu kingine kama riba au bei) yametapakaa kwenye nyuzi nyingi na kila moja limejibiwa nusunusu. Tuyakusanye hapa. Naomba mambo matatu: cheti kipi kinamfaa anayetaka kubobea kwenye kukagua hisa, hati fungani, mifuko ya uwekezaji na derivativu, hesabu zipi lazima mtu azimudu kwa mkono, na kwa nini wanaojua hesabu vizuri bado wanaanguka.

Wa "nafuatilia" na "naweka kambi hapa", tafadhali bonyezeni kitufe cha kufuatilia. Uzi usijae maneno matupu.

#2 KalamuNyekundu

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Usitafute cheti kimoja kitakachokufanya "mkaguzi wa derivativu" kila uendako. Njia ya kawaida ni kupata sifa ya uhasibu au ukaguzi, kisha utaalamu huu unaujenga juu yake kwa kuchagua karatasi sahihi na kazi sahihi.

Kwa anayetaka kusaini maoni ya ukaguzi au kufanya kazi chini ya anayesaini, njia ni sifa za uhasibu. Ukienda ACCA (sifa ya uhasibu ya Uingereza), vita yako iko kwenye karatasi za SBR (taarifa za fedha) na AAA (ukaguzi): SBR inakuuliza viwango vya uhasibu vya IFRS 9 (vyombo vya fedha) na IFRS 13 (thamani ya haki) kwa undani, AAA inakuuliza utazikaguaje. Alama ya kupita ni 50. Ukienda CPA ya Marekani, tangu Januari 2024 mtihani una sehemu tatu za lazima (AUD ya ukaguzi, FAR ya taarifa za fedha, REG ya kodi na sheria) na moja ya kuchagua kati ya BAR (uchambuzi na taarifa za biashara), ISC (mifumo na udhibiti) na TCP (kodi). Kila sehemu ni saa 4 na alama ya kupita ni 75, ambayo si asilimia, ni kipimo chao. Kwa mada yetu chagua BAR, maana derivativu na uhasibu wa kinga (wa mikataba inayochukuliwa kupunguza hatari) vimewekwa humo. Anayechagua TCP anaweza kupata CPA bila kuulizwa uhasibu wa kinga hata mara moja, halafu siku akipangiwa kukagua benki anaanza kutafuta daftari.

Mkaguzi wa ndani anaangalia CIA, cheti cha wakaguzi wa ndani cha taasisi ya IIA: sehemu tatu, ya kwanza maswali 125 kwa dakika 150, mbili zilizobaki maswali 100 kila moja kwa dakika 120. Alama ya kupita ni 600 kwenye kipimo cha 250 hadi 750. Niseme ukweli, CIA inakufundisha kukagua, haikufundishi derivativu. Ukitegemea hiyo peke yake utajua jinsi ya kuandika hoja ya ukaguzi juu ya swopu (mkataba wa kubadilishana malipo, mfano ya riba) bila kujua kama swopu yenyewe imethaminiwa sawasawa.

#3 Riba_Halisi

Naongezea FRM, cheti cha usimamizi wa hatari cha GARP. Sehemu ya kwanza maswali 100 kwa saa 4, ya pili maswali 80 kwa saa 4. Katika sehemu ya kwanza, masoko na bidhaa za fedha ni asilimia 30, uthamini na modeli za hatari asilimia 30 nyingine. Yaani zaidi ya nusu ya karatasi ni kitu ambacho mkaguzi wa kawaida anakikimbia. Ila FRM haikupi mamlaka ya kusaini hesabu za mtu, na haikuulizi ushahidi wa ukaguzi. Kwa maoni yangu mchanganyiko mzuri ni sifa ya uhasibu kwanza, FRM baadaye. Aliyeanza na FRM akarudi kwenye ukaguzi huwa anajibu kila swali kama mtu wa dawati la biashara: anathamini vizuri, hathibitishi chochote.

#4 Daftari_Kuu

Kwenye hesabu, anza na hati fungani kabla ya kugusa derivativu. Mfano wa kawaida wa mtihani: hati ya 1,000,000, kuponi (riba inayolipwa) ya asilimia 6 kwa mwaka, miaka 3, imenunuliwa kwa mavuno (faida anayotaka mnunuzi) ya asilimia 7. Kuponi tatu za 60,000 zikiletwa kwenye thamani ya leo ni 157,459, na mtaji unaorudi mwishoni ni 816,298. Bei ya kununulia ni 973,757.

Mwaka wa kwanza riba inayoingia kwenye faida na hasara ni asilimia 7 ya 973,757, yaani 68,163. Fedha taslimu iliyopokelewa ni 60,000. Tofauti ya 8,163 inaongezwa kwenye thamani ya kitabuni, inakuwa 981,920. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kuchukua punguzo lote la 26,243 na kuligawa kwa tatu, unapata 8,748 kila mwaka. Jumla ya miaka mitatu inafanana, kwa hiyo mfumo wa mteja hautapiga kelele mwishoni. Kosa liko katikati, na mkaguzi anayelinganisha mwanzo na mwisho tu halioni.

Ukiwa kazini, usikague kwa kuangalia jedwali la mteja. Chukua tarehe ya ununuzi, bei kwenye hati ya manunuzi ya dalali, kuponi na tarehe ya kuiva, kisha kokotoa upya riba halisi mwenyewe. Jedwali likikubaliana na lako, umemaliza. Likikataa, angalia kwanza ada za ununuzi na riba iliyokwisha kulimbikizwa siku ya kununua. Tofauti nyingi zinatoka hapo.

#5 Swopu_na_Fowadi

Niendelee na swopu ya riba, maana ndiyo swali linalotisha watu bila sababu.

Kampuni inalipa riba isiyobadilika ya asilimia 5 na kupokea riba inayoelea. Kiasi cha kukokotolea ni 10,000,000, imebaki miaka 2, malipo mara moja kwa mwaka. Mkunjo wa riba (riba za soko kwa kila muda) siku ya kufunga hesabu unasema mwaka 1 ni asilimia 4, miaka 2 ni asilimia 4.5.

Kipunguzio (namba ya kuleta fedha ya baadaye kwenye thamani ya leo) cha mwaka 1 ni 1 gawanya kwa 1.04, yaani 0.961538. Cha miaka 2 ni 1 gawanya kwa 1.045 mara 1.045, yaani 0.915730. Mguu usiobadilika: 500,000 mara jumla ya vipunguzio viwili (1.877268) ni 938,634. Mguu unaoelea: 10,000,000 mara (1 toa 0.915730) ni 842,700. Kampuni inalipa zaidi ya inachopokea kwa 95,934, kwa hiyo hilo ni deni.

Unataka kuhakiki? Riba ya mbele ya mwaka wa pili ni 1.092025 gawanya kwa 1.04 toa 1, karibu asilimia 5.0024. Mwaka wa kwanza kampuni inapoteza 100,000, wa pili inapata kama 240. Vilete kwenye thamani ya leo unarudi kwenye 95,934 ileile. Ukifika namba moja kwa njia mbili, endelea na maisha.

Mtego: mtu anachukua asilimia 4.5 kama riba moja ya miaka yote miwili. Mwingine anasahau ishara na kuandika mali badala ya deni. Jiulize kila mara nani analipa nini. Riba za soko zikiwa chini ya ile isiyobadilika unayolipa, umebanwa, na namba lazima iseme hivyo.

Hiyo hesabu bado haijamalizika kwa IFRS 13. Thamani ya haki inabeba pia hatari ya mkopo: ya upande wa pili kama swopu ni mali, ya kampuni yenyewe kama ni deni. Wateja wengi wanaleta namba iliyotoka kwenye mfumo wa benki bila marekebisho hayo. Ikiwa kuna mkataba wa kuwekeana rehani kila siku, marekebisho yanaweza kuwa madogo mno. Bila rehani na kwa mkataba wa miaka 10, usiyaache.

#6 Daftari_Kuu

Fowadi (mkataba wa kununua au kuuza siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo) ya fedha za kigeni ni rahisi zaidi. Kampuni imeahidi kununua euro 1,000,000 kwa dola 1.12. Siku ya kufunga hesabu imebaki miezi 3, na euro moja sokoni ni dola 1.085. Hasara ni 0.035 mara milioni, yaani dola 35,000.

#7 Swopu_na_Fowadi

Hapana mkuu. Hapo umetumia bei ya papo kwa papo. Mkataba unaisha baada ya miezi 3, kwa hiyo unalinganisha na bei ya fowadi ya miezi 3 iliyopo siku ya kufunga. Tuseme ni 1.09. Tofauti ni 0.03, dola 30,000 zitakazotoka baada ya miezi 3. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, kipunguzio ni 1 gawanya kwa 1.0125, karibu 0.98765. Deni ni dola 29,630.

Umezidisha deni kwa dola 5,370 kwenye mkataba mmoja tu. Mteja mwenye mikataba 40 ya namna hiyo, akifanya kosa hilohilo, anaweza kuvuka kiwango cha uzito (ukubwa wa kosa unaoweza kumpotosha msomaji wa hesabu) bila mkataba wowote mmoja kuonekana wa kutisha.

#8 Daftari_Kuu

Nimekubali, bei ya fowadi ndiyo sahihi. Nimeacha #6 ilivyo ili wengine waone mtego unavyofanya kazi.

#9 Bi_Vocha

Naomba kuuliza. Kama swopu siku ya kusainiwa ina thamani ya sifuri, na hakuna fedha iliyotoka, mkaguzi anaanzia wapi? Kwenye leja hakuna kitu cha kuchagua sampuli.

#10 KalamuNyekundu

Dada, umegusa penyewe. Hili ndilo swali la mada nzima, na ndilo linalotofautisha anayepita na anayerudia.

Kwenye hisa na hati fungani hofu kubwa ni uwepo na uthamini: je, hizi hisa zipo kweli na bei ni sahihi? Unaanza kwenye leja unaenda kwenye ushahidi. Kwenye derivativu unageuza mwelekeo. Tafsiri ya IFRS 9 yenyewe inakuambia kwa nini: thamani inafuata kitu kingine kama riba au bei, uwekezaji wa mwanzo ni mdogo au haupo, na malipo ni siku za mbele. Mkataba unaweza kusainiwa asubuhi na jioni ukawa hauna alama yoyote kwenye vitabu. Kwa hiyo dai la kwanza la kukagua ni ukamilifu (kuwa hakuna kilichoachwa nje), na unaanzia nje ya leja.

Kwa vitendo: pata orodha ya benki na madalali wote waliofanya biashara na mteja mwaka huo, hata ambao salio lao ni sifuri, na uwatumie barua za uthibitisho. Soma kumbukumbu za vikao vya bodi na kamati ya hazina ukitafuta ruhusa za kujikinga. Omba mikataba mikuu ya ISDA (mfumo wa kawaida wa mikataba ya derivativu), ya 1992 au ya 2002, pamoja na viambatisho vya rehani. Mkataba mkuu ukiwepo na hakuna muamala uliorekodiwa chini yake, uliza kwa nini. Pitia taarifa za benki baada ya mwaka kufungwa: malipo kwenda kwa benki iliyo upande wa pili, ada za udalali, fedha zilizowekwa kama amana ya dhamana. Mtu haweki amana ya dhamana kwa mkataba usiokuwepo.

Halafu angalia pale ambapo ungetegemea kuona kinga na huioni. Kampuni ina mkopo mkubwa wa riba inayoelea, sera ya bodi inasema angalau nusu ikingwe, na hesabu hazina swopu hata moja. Ama sera imevunjwa ama swopu haijarekodiwa. Yote mawili ni kazi yako.

#11 Mizania_Safi

Hapo kwenye amana ya dhamana benki ya Barings ya Uingereza ndiyo mfano wake. Mwaka 1995 benki ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827. Nick Leeson alikuwa akifanya biashara ya fyucha (mikataba kama fowadi inayouzwa kwenye soko rasmi) Singapore na wakati huohuo akisimamia ofisi ya malipo, akaficha hasara kwenye akaunti namba 88888. London iliendelea kutuma fedha za amana bila kuzilinganisha na nafasi (mikataba iliyo wazi) zilizoripotiwa. Kama nafasi zilikuwa zimekingana, fedha zote zile zilikuwa za nini? Ulinganisho wa mistari miwili ungezaa swali.

#12 Riba_Halisi

Tuje kwenye barua za uthibitisho, maana humo alama zinapotea bure.

Usithibitishe thamani tu. Thibitisha masharti: kiasi cha kukokotolea, riba au bei ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani analipa nini, rehani iliyowekwa, na kama kuna makubaliano ya pembeni. Acha nafasi wazi wao wajaze, badala ya kuwaandikia namba ili watie saini. Mtu mwenye shughuli nyingi anasaini chochote. Barua itoke kwako na irudi kwako, si kupitia kwa mteja, hata kama mteja "anasaidia tu kuharakisha".

Benki mtunza dhamana inathibitisha kuwa hati zipo na ni za nani. Haithibitishi kuwa bei iliyo kwenye taarifa yake ni sahihi, bei hiyo mara nyingi imenunuliwa kwa mtoa bei. Na uhuru wa mtunzaji ni sehemu ya ushahidi. Kwenye kashfa ya Madoff (utapeli wa uwekezaji huko Marekani) iliyofichuka Desemba 2008, kampuni yake ilikuwa mshauri, dalali na mtunzaji kwa pamoja. Uthibitisho ulitoka kwa aliyetengeneza taarifa za uongo. Karatasi ilikuwepo, ushahidi haukuwepo.

Kama kazi imekabidhiwa kampuni ya nje, unaingia kwenye ISA 402 (kiwango cha ukaguzi kwa kazi zilizokabidhiwa nje) na ripoti ya ISAE 3402 (juu ya udhibiti wa kampuni hiyo ya nje). Aina ya 1 inasema udhibiti umeundwa vizuri tarehe fulani. Aina ya 2 inasema umefanya kazi kipindi fulani. Huwezi kuegemea udhibiti kwa kutumia aina ya 1. Ukiwa na aina ya 2, angalia kipindi: ripoti ikiishia Septemba na mwaka wa mteja unaishia Desemba, una pengo la miezi 3 la kuliziba. Kisha soma kurasa ambazo watu huziruka, zile zinazotaja udhibiti unaotakiwa uwe kwa mteja mwenyewe. Kama mteja hana, hitimisho zuri la ripoti halikusaidii.

#13 Mtihani_Mwezi_Ujao

Wadau, kwenye uhasibu wa kinga ni lazima ufanisi uwe kati ya asilimia 80 na 125? Maswali ya zamani yanasema hivyo.

#14 Swopu_na_Fowadi

Hiyo ni IAS 39, kiwango cha zamani. IFRS 9, iliyoanza kutumika 1 Januari 2018, imeondoa mipaka hiyo. Sasa kuna masharti matatu: uhusiano wa kiuchumi kati ya chombo cha kinga na kinachokingwa, hatari ya mkopo isitawale mabadiliko ya thamani, na uwiano wa kinga uwe ule unaotumika kweli. Angalizo moja: IFRS 9 iliruhusu kampuni kuchagua kuendelea na uhasibu wa kinga wa IAS 39. Kwa hiyo kabla ya kujibu, soma swali linasema kampuni imechagua sera ipi.

Nyaraka za kinga ziwepo siku kinga inapoanza. Hazirudishwi nyuma. Ukikuta waraka wenye tarehe ya Machi uliohifadhiwa kwenye mfumo Novemba, uhusiano wa kinga hauanzi Machi, na faida na hasara za miezi hiyo zinaingia moja kwa moja kwenye matokeo ya mwaka. Angalia tarehe ya faili, siyo tarehe iliyopigwa chapa juu ya ukurasa.

Kwa kinga ya mtiririko wa fedha jifunze kanuni ya "kilicho kidogo". Chombo cha kinga kimepata faida ya 52,000 kwa jumla, kinachokingwa kimebadilika kwa 48,000. Kwenye mapato mengine jumuishi (yaliyo nje ya faida na hasara) inaingia 48,000, na 4,000 inakwenda faida na hasara. Sasa geuza: chombo 45,000, kinachokingwa 48,000. Inaingia 45,000 yote kwenye mapato mengine jumuishi, na faida na hasara haipati kitu. Wengi wanaandika hasara ya 3,000 kwenye hali ya pili. Hakuna hasara hapo, kinga imepungukiwa tu.

#15 KalamuNyekundu

Uthamini wa ngazi ya 3 (kati ya ngazi tatu za thamani ya haki za IFRS 13) na ISA 540 (kiwango cha kukagua makadirio). Hii ni nyama ya AAA na pia ya kazi yenyewe.

Ngazi ya 1 ni bei ya soko hai kwa kitu kilekile, haigeuzwi. Ngazi ya 2 ina vigezo vinavyoonekana sokoni, kama mkunjo wa riba. Ngazi ya 3 kuna kigezo chenye uzito kisichoonekana. Neno la kukazia ni "chenye uzito". Swopu ya miaka 30 kwenye soko ambalo riba zinaonekana hadi miaka 10 tu inaweza kuangukia ngazi ya 3 hata kama modeli yake ni ileile ya ngazi ya 2. Mteja anapenda ngazi ya 2 kwa sababu maelezo ya kutoa ni machache. Ndiyo maana unakagua mgawanyo wa ngazi kama madai yanayojitegemea.

ISA 540 iliyorekebishwa ilianza kwa vipindi vinavyoanza 15 Desemba 2019 na kuendelea. Inakutaka upime hatari asilia kwa kuangalia mashaka ya makadirio, ugumu na uamuzi wa kibinafsi, na uipime mbali na hatari ya udhibiti. Halafu unachagua njia: kuangalia matukio hadi tarehe ya ripoti yako, kupima jinsi menejimenti ilivyofika kwenye namba, au kutengeneza kadirio lako au masafa yako. Unaweza kuchanganya.

Kwa derivativu, matukio ya baadaye yana mtego. Opsheni (haki, si wajibu, ya kununua au kuuza kwa bei fulani) iliyouzwa wiki mbili baada ya mwaka kufungwa inakupa ushahidi, lakini soko limesogea. Lazima utenganishe kilichokuwepo siku ya kufunga na kilichotokea baadaye. Kwa hisa za kampuni isiyoorodheshwa, muamala wa karibu na tarehe ya kufunga ni dhahabu, mradi si kati ya ndugu.

Bei za watoa bei nazo zina ugonjwa wake. Bei mbili zinazofanana si ushahidi mara mbili kama wote wawili wamenunua kwa dalali mmoja. Bei isiyobadilika kwa siku 20 mfululizo imekufa, na soko lenyewe halijatulia kiasi hicho. Nukuu ya dalali isiyomfunga kununua ni maoni tu.

#16 Bi_Vocha

Na mtihani unasahihishaje haya? Kujua najua, kuandika ndiko shida.

#17 KalamuNyekundu

Angalia majibu mawili ya swali lilelile, "eleza taratibu za kukagua uwepo wa swopu na haki za kampuni juu yake".

Jibu la kwanza: "Mkaguzi athibitishe kuwa swopu zipo na ahakikishe zimethaminiwa vizuri." Alama sifuri. Hakuna chanzo, hakuna kitendo, na nusu ya pili inajibu dai ambalo halikuulizwa.

Jibu la pili: "Pata mkataba uliosainiwa wa kila swopu iliyochaguliwa na ulinganishe jina la kampuni, kiasi cha kukokotolea na tarehe na rejesta ya hazina, ili kuona kuwa kampuni yenyewe ndiyo inayofungwa." Hapo kuna hati, kitendo na sababu. Kila utaratibu uandike kwa mtiririko huo: hati gani, unafanya nini nayo, unatafuta kosa gani. Neno "hakikisha" lifute kwenye msamiati wako wa mtihani. Mkaguzi hahakikishi, anapima.

#18 Riba_Halisi

Mpangilio wa kusoma ninaoupendekeza, kwa mwenye wiki 12 na kama saa 10 kwa wiki. Nne za kwanza IFRS 9 na IFRS 13 kwa kalamu, kila siku hesabu mbili. Uainishaji usiuruke: kama mtiririko wa fedha ni mtaji na riba tu, na mtindo wa biashara ni upi. Kumbuka mitego miwili. Hisa zilizowekwa kwenye mapato mengine jumuishi, faida yake hairudi kamwe kwenye faida na hasara hata zikiuzwa, lakini ya hati fungani inarudi. Na hati fungani iliyowekwa humo bado inapata tengo la hasara ya mkopo, ila tengo hilo halipunguzi thamani yake kwenye mizania.

Nne zinazofuata viwango vya ukaguzi: 540, 505 (barua za uthibitisho), 402, 620. Hiyo ya mwisho ni ya mtaalamu unayemleta mwenyewe. Mtu wa modeli akikuandikia namba, bado unapaswa kuelewa vigezo vyake na kupima data aliyotumia. Nne za mwisho andika majibu kamili kwa saa inayokwenda, si kusoma majibu ya wengine. IFRS 7 (maelezo ya vyombo vya fedha) ipitie haraka, ila jedwali la ngazi ya 3 la IFRS 13 lijue kwa kichwa: salio la mwanzo, manunuzi, mauzo, faida na hasara, uhamisho kuingia na kutoka, salio la mwisho.

#19 Mtihani_Mwezi_Ujao

La mwisho. Derivativu iliyojificha ndani ya mkataba mwingine, inatenganishwa lini?

#20 Swopu_na_Fowadi

Angalia mkataba mama. Kama ni mali ya kifedha iliyo chini ya IFRS 9, hutenganishi kitu, unapima mkataba wote kwa mara moja. Mwekezaji mwenye hati fungani inayogeuzwa kuwa hisa, hati nzima inashindwa kipimo cha mtaji na riba, inakwenda thamani ya haki kupitia faida na hasara. Kama mkataba mama ni deni au si wa kifedha, unatenganisha pale ambapo kilichomo hakihusiani kwa karibu na mama, kingekuwa derivativu kikisimama peke yake, na mkataba mzima haujapimwa tayari kwa thamani ya haki kupitia faida na hasara.

Wengi hawatarajii kuikuta kwenye idara ya manunuzi. Mkataba wa kununua mashine, malipo mwakani, bei iko kwenye sarafu ambayo si ya mnunuzi wala ya muuzaji, na bidhaa yenyewe haiuzwi kwa kawaida duniani kwa sarafu hiyo. Humo panaweza kuwa na fowadi ya fedha za kigeni, na mtu wa hazina hajui kama ipo kwa sababu hakuisaini yeye. Kwa hiyo kwenye sampuli yako ya ukamilifu chomeka mikataba mirefu ya manunuzi na ya pango, na uisome kifungu cha bei na sarafu kabla ya kitu kingine.